MAANA YA MPAKA

Watu wawili wakilima mashamba yanayogusana, baina yao pana mstari mwembamba: pengine ni kijito, pengine ni safu ya miti, pengine ni jiwe moja tu. Mahali hapo hapazai muhogo wala mahindi. Hata hivyo, magomvi mengi ya vijijini huanzia hapo. Basi yafaa kuuliza: je, mpaka ni kitu kibaya? Ikiwa watu wote ni ndugu, kwa nini wagawane ardhi?

Maneno yenyewe yasaidia kujibu. Katika Kiswahili neno mpaka lina kazi mbili. Ni jina la mahali ambapo shamba hukoma, tena huonyesha mahali ambapo safari hufika, kama asemavyo mtu, “Nitakwenda mpaka mtoni.” Waingereza husema “border”. Neno hilo lilifika kwao kutoka Kifaransa cha kale katika karne ya 14, nalo lina asili yake katika neno “bord”, yaani ubavu wa chombo cha majini, tena ukingo wa kitu chochote. Hata leo Waingereza huita hivyo pindo la nguo pamoja na mpaka wa nchi.

Mfano huo una mafundisho. Mtumbwi usio na ubavu huzama. Nguo isiyo na pindo hufumuka. Vivyo hivyo mpaka hulinda. Tajiri ana nguvu za kujilinda mwenyewe, lakini mjane na yatima hawana ngome nyingine ila lile jiwe lililowekwa na wazee. Ndiyo maana Torati ya Musa ilikataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani. Aisogezaye usiku haibi udongo tu. Aiba amani ya mwenzake na urithi wa watoto wake.

Lakini je, yatosha mtu kutouvuka mpaka wake? Haitoshi. Wapo wasioiba hata shubiri moja ya ardhi, nao wamechukiana miaka mingi.

Kilatini cha Warumi wa kale chaonyesha njia mbili. Kijito kiliitwa “rivus”, na watu waliotumia kijito kimoja waliitwa “rivales”. Baadaye neno hilo hilo likawa na maana ya washindani, nayo maana hiyo imeingia katika Kifaransa na Kiingereza. Njia ya pili ni hii: mpaka uliitwa “finis”, na mtu wa mpaka mmoja na mwenzake aliitwa “affinis”. Neno hilo likapata maana ya ndugu kwa ndoa, yaani mkwe au shemeji. Watu walioishi ukingoni pamoja, huku wakawa washindani, huku wakawa wakwe. Kosa si la kijito wala la jiwe; mioyo ndiyo iliyochagua.

Warumi hao, ingawa waliabudu miungu mingi, walikuwa na desturi ya kufikiriwa. Kila mwaka, tarehe 23 Februari, majirani wa pande mbili walikutana penye jiwe la mpaka, kila mmoja akalivika taji la maua upande wake, kisha wakala karamu pamoja. Jiwe lililowatenga ndilo lililowakutanisha.

Waisraeli waliamriwa jambo kubwa zaidi. Mwenye shamba alikatazwa kuvuna mpaka pembeni kabisa. Ukingo wa shamba uliachwa kwa ajili ya maskini na mgeni. Ukingo huo waliuita “pea”, na baadaye walimu wao walifundisha kwamba usipungue sehemu moja katika sitini za mavuno. Shamba lilikuwa la mwenyewe, na mpaka wake uliheshimiwa. Lakini hapo hapo mwishoni mwa mali yake palianza haki ya mwenye njaa.

Basi mpaka si kitu kibaya. Humwambia mtu maneno mawili: kwanza, “Hapa mali yako imekoma, usiguse cha mwenzako”, pili, “Hapa mwenzako ameanza, mwangalie.” Mwenye kusikia neno la kwanza tu ni mtu asiye mwizi. Mwenye kuyasikia yote mawili ndiye jirani.