Lakini Tutashinda

Katika Kiswahili cha pwani zuzu ni mtu mjinga, asiyeyatambua yanayompitia mbele ya macho. Zuzu ya Dodoma haihusiani na maana hiyo. Ni mahali pa wakulima na wafugaji, magharibi ya mji, kandokando ya Reli ya Kati, na jina lake ni la wenyewe. Hata hivyo sadfa ya majina haya mawili inafaa kuazimwa kidogo, maana swali linaloulizwa hapa ni la ujinga na hekima. Mtu anayeijua vyema timu yake kuwa ni dhaifu, kisha akatamka mbele ya wenzake kwamba "tutashinda", je, ni mjinga, ni mwongo, au analifanya jambo jingine kabisa ambalo si ujinga wala uongo?

Timu ya Dodoma Jiji, ambayo mashabiki wameipa lakabu ya Walima Zabibu, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020. Uwanja wake wa nyumbani ni Jamhuri, mjini Dodoma. Inapokaribia siku ya kuwapokea Simba au Yanga, vijiwe vya mji na vya pembezoni mwake, Zuzu ikiwemo, hugeuka mabaraza ya mizani. Hutajwa majeruhi na wenye kadi, hutajwa mwamuzi, hutajwa jua la alasiri na uchovu wa wageni waliosafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam. La kustaajabisha ni kwamba hesabu hizo aghalabu huwa za kweli. Shabiki asiyekumbuka bei ya dumu la mafuta mwaka juzi atakumbuka nani alimpa nani pasi, dakika ya ngapi, na kipa alikuwa amesimama wapi. Kisha, baada ya kila kitu kupimwa na mizani kulala upande wa wageni bila ya ubishi, mmoja wao huinuka, akakung'uta vumbi la suruali, akasema: "Lakini tutashinda."

Mzigo wote wa swali umo katika hiyo "lakini". Aliyesema hakupinga hata hesabu moja. Hakusema kwamba mshambuliaji wa wageni ni mbovu, wala hakuleta habari mpya. Amekubali ushahidi wote, halafu akavuka upande wa pili bila ya daraja.

Lugha yenyewe inatoa fununu ya kwanza. Kiambishi "-ta-" hubeba kazi zaidi ya moja. Anayesema "mvua itanyesha" anakisia, na mawingu yakitawanyika atakuwa amekosea. Anayesema "nitakuja kesho" hakisii safari yake mwenyewe kana kwamba ni mvua. Anaahidi, na asipokuja haambiwi kwamba amekosea hesabu, huambiwa kwamba amevunja ahadi. "Tutashinda" ya shabiki imevaa nguo za kauli ya kwanza, lakini mwendo wake ni wa kauli ya pili. Na kuna "tu-" iliyotangulia. Shabiki wa Zuzu hatapiga mpira, hataingia hata katika benchi la akiba, pengine hatafika uwanjani kwa kukosa nauli na kiingilio. Hiyo "sisi" ameipata wapi? Ameipata kwa kukubali kuchekwa. Timu ikifungwa mabao matatu, kesho yake asubuhi ni yeye atakayeitwa jina la utani njiani, si mlinzi aliyeteleza. Kwa hiyo anaposema "tutashinda" hatangazi matokeo. Anatangaza atakuwa wapi matokeo yatakapotangazwa.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi shitaka la uongo linaanguka, maana ahadi ya kuwapo haipimwi kwa idadi ya mabao. Lakini utetezi huu ni mwepesi mno, na mashabiki wenyewe hawaupendi. Mwambie mmoja wao kwamba maneno yake si utabiri bali ni kiapo cha uaminifu, atakukatalia. Atakwambia anaamini, na atakuletea ushahidi wa namna nyingine, ushahidi wa historia.

Historia ya mpira wa Tanzania imejaa mambo ya kumtia mtu mwenye akili kiburi cha kutumaini. Mwaka 1979, katika Klabu Bingwa Afrika, Simba ilifungwa nyumbani mabao 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers ya Zambia. Mwenye mizani siku ile hakuwa na la kusema ila kwamba mambo yamekwisha. Simba ikaenda Zambia ikashinda 5 kwa 0 na kusonga mbele. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Bara mbele ya wakubwa wote. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza mabao 3 kwa 0 dhidi ya Simba, na mechi ikamalizika 3 kwa 3. Kila moja ya siku hizo ilikuwa na wake waliosema "tutashinda" au "tutarudisha", na wote walionekana mazuzu hadi filimbi ilipopulizwa.

Hata hivyo historia hiyohiyo ina ukurasa ambao vijiweni haufunguliwi mara kwa mara. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Mchezo wa kwanza, ugenini Abidjan dhidi ya Stella, uliisha bila ya bao. Marudiano yalikuwa Dar es Salaam. Mara hii mizani na moyo vilikuwa upande mmoja: nyumbani, umati wa nyumbani, na mpinzani ambaye hakuweza kufunga hata kwake. Stella ikashinda 2 kwa 0 na kuondoka na kombe. Tofauti ya 1979 na 1993 haifundishi kwamba matumaini yana macho yanayoona mbali kuliko hesabu. Inafundisha kwamba mpira una bahati nyingi ndani yake, na kwamba kumbukumbu ya shabiki huchagua. Huuhifadhi muujiza mmoja, ikayaacha yaende zake yale mapigo mia ambayo yalitokea kama yalivyotarajiwa. Mei 2025, Simba iliporudi kutoka Morocco imefungwa 2 kwa 0 na RS Berkane katika fainali ya Kombe la Shirikisho, na marudiano yakapangwa katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kumbukumbu ya Mufulira ilikuwa bado hai kwa waliotaka kuishika. Ikiwa manne yalirudi, mawili ni nini? Mechi ikaisha 1 kwa 1. Waliokuwa na mizani tangu mwanzo hawakushangilia kwamba hesabu yao imesimama, na hilo nalo lina maana yake.

Mwaka 1877 mwanahisabati wa Kiingereza, William Clifford, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli kuukuu iliyokuwa ikijiandaa kubeba wahamiaji. Mwenye meli alikuwa na shaka kuhusu uzima wake, lakini gharama ya kuikarabati ilikuwa kubwa, basi akaisukuma shaka kando, akajisadikisha kwamba meli iliyorudi salama mara nyingi itarudi tena. Aliamini kwa moyo safi. Meli ikazama. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya roho zile, na unyofu wa imani yake haumwokoi, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufafanuliwa mfano huo. Tangu Septemba 2011, ilipozama Spice Islander, kila nyumba inaujua.

Mwaka 1896 William James wa Marekani alimjibu. Yako mambo, alisema, ambayo ukweli wake unangojea imani itangulie. Anayesubiri ushahidi kamili kwamba mwenzake anampenda kabla hajamwonesha uso wa urafiki, urafiki huo hautazaliwa kamwe. Imani hapo si kukisia jambo lililokwisha kuwapo, ni sehemu ya kulifanya liwepo.

Shabiki hukimbilia kwa James, na pale Jamhuri ana haki kidogo. Sauti ya uwanja huchochea miguu iliyochoka. Lakini James hasafiri. Kwa shabiki wa Zuzu aliyekaa na redio huku mechi ikichezwa Mwanza au Cairo, hakuna sauti yake inayofika, na imani yake haimsaidii kipa hata kwa ukucha. Anayejiambia kwamba asipoamini timu itafungwa amekwisha kutoka katika hoja ya James na kuingia katika ushirikina. Kwake yeye anayebaki ni Clifford, na swali la Clifford ni moja: katika meli hii, abiria ni nani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi. Abiria ni mwenyewe. Imani yake ikizama, anazama yeye peke yake, kwa siku mbili, na kicheko cha jirani. Imani isiyo na abiria mwingine haiwezi kuwa kosa kubwa. Mtu anaruhusiwa kuiharibu Jumatatu yake. Jambo lililobadilika ni kuingia kwa mkeka.

Mkeka, kwa maana mpya, ni orodha ya mechi ambazo mtu ameziwekea fedha katika michezo ya kubahatisha. Zikishinda zote analipwa. Moja ikikataa, mkeka umechanika. Uzuri wa jina usimpumbaze mtu. Mkeka wa ukindu husukwa kwa siku nyingi ili watu waukalie pamoja. Huu wa sasa hufumwa kwa simu katika dakika tano, na hukaliwa na mmoja. Lakini fedha zake hazitoki kwa mmoja. Zimo ndani yake ada, dawa, na gunia la mahindi ambalo lingenunuliwa. Anayeweka Dodoma Jiji imfunge Yanga, kwa kuwa tu "tutashinda", ameichukua ahadi ya uaminifu akaiuza kama utabiri, na abiria wake wamelala nyumbani bila ya kujua kwamba chombo kimeng'oa nanga. Hapo neno lilelile ambalo jana lilikuwa halali linageuka kuwa uongo, ingawa halikubadilika hata herufi.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo hafanyi hivyo shambani. Dodoma ni nchi kame. Hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingine hukatika katikati ya msimu. Mkulima anaitumaini mvua kuliko anavyoitumaini timu yoyote, na humwomba Mungu kwa ajili yake. Lakini mkononi ana mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame. Moyo wake unasema itanyesha vizuri. Mbegu yake inasema huenda isinyeshe. Hakuna aliyewahi kumwita msaliti wa mvua. Ugogo imezikwa na njaa zaidi ya moja, na ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake bado ina jina lake, Mtunya. Watu waliorithi kumbukumbu hiyo wanajua kutumaini kwa mdomo na kukadiria kwa jembe, vyote kwa pamoja, bila ya kimoja kukifukuza kingine.

Kijiweni, kinyume chake, anayesema "safari hii tutafungwa" huitwa mamluki. Hilo ndilo baya zaidi katika ushabiki, baya kuliko kutumaini kupita kiasi: kundi linalomlazimisha mtu achague baina ya kuwa mwenzao na kusema anachokiona. Timu ndogo inahitaji watu wa namna hiyo kuliko timu kubwa, kwa kuwa ndio watakaosema mapema kwamba beki ya kushoto inavuja. Wengi wao wakishanyamazishwa, hubakia na njia moja ya kuusema ukweli wao, nayo ni ya siri. Huweka mkeka dhidi ya timu yao.

Huyu ndiye mtu mgumu kumhukumu. Amesema kweli kwa fedha yake na amesema kinyume kwa mdomo wake. Mbele ya Clifford hana doa: amefuata ushahidi, na watoto wake watakula. Anavaa jezi ya Walima Zabibu, anakaa kwenye benchi lilelile na wenzake, anaitikia "tutashinda" pamoja nao, huku simu iliyo mfukoni inangoja ushindi wa wageni. Mtu anaweza kusema kwamba ameigawa nafsi yake kama mkulima anavyoigawa, moyo huku na mbegu kule. Lakini mkulima wa mtama bado anafurahi mvua ikinyesha sana. Hapotezi kitu kwa kutimia kwa dua yake. Mwenye mkeka huu ameipanga dua yake iwe hasara yake.

Basi ichukuliwe kwamba ni dakika ya 88, hakuna bao, na mwamuzi anawapa Dodoma Jiji penalti. Redio inapiga kelele. Benchi zima limesimama. Naye amesimama pamoja nao, mikono imeinuka nusu, na jirani yake, aliyeitwa mamluki wiki iliyopita kwa kusema tutafungwa, ameacha kusikiliza redio na anamtazama usoni.