Mpira Unaokuja kwa Kishindo

Masomo: Yohana 18:19–24; Matendo 23:1–5



Yesu alipokuwa anahojiwa mbele ya kuhani Anasi, mtumishi mmoja aliyesimama karibu alimpiga kofi. Yesu hakuwa ametukana mtu. Alikuwa amemwambia kuhani awaulize wale waliomsikia akifundisha hadharani, basi. Angalieni alivyolipokea kofi lile. Hakurudisha kofi, wala hakunyamaza. Alimwambia yule mtu kwamba kama kuna neno baya alilosema, atoe ushahidi. Na kama halipo, aeleze anampigia nini.

Miaka mingi baadaye Paulo naye alipigwa kinywani, mbele ya baraza, kwa amri ya kuhani mkuu Anania. Paulo alijibu papo hapo, kwa ukali, akamwita ukuta uliopakwa chokaa. Alipoambiwa anayemjibu hivyo ni kuhani mkuu, ilimbidi arudi nyuma na kukiri kwamba torati inakataza kumsema vibaya mkuu wa watu. Mtume mwenyewe, mwalimu wetu sote, na bado kofi lilimponyoka mikononi.

Wiki hii nataka tukae na hilo tu: namna ya kupokea. Na nawaomba vijana wetu wa voliboli wanisaidie kufundisha.

Hapa Ikonge, majani chai yakishapelekwa kituoni na wanafunzi wakishatoka darasani, mpira hauchelewi kuruka. Kisii na Nyamira tunaupenda mchezo huu. Jina la Mogonga PAG, shule ya kule Kisii, linajulikana shule za upili za Kenya zinapokutana kwa voliboli. Asiyeujua mchezo humshangilia anayepiga smashi. Mimi humtazama anayepokea sevu, ule mpira wa kuanzisha mchezo, maana kwake ndiko kila kitu kinaanzia. Uwanja una urefu wa mita 18, mpira unapigwa kutoka nyuma ya mstari wa mwisho, na kwa wanaume wa kiwango cha juu unaweza kuja kwa kasi inayopita kilomita 120 kwa saa. Nafasi ya kuwaza haipo. Mpokeaji hodari hakunji ngumi wala harushi mikono. Amepiga magoti nusu, miguu imesogea kabla mpira haujavuka wavu, viganja vimeshikana, vidole gumba viko sambamba, vigasha vimenyooka mbele yake. Mpira ukimfikia hausukumi. Anaulegezea kidogo ili ile kasi ife pale mikononi, ndipo unapanda juu taratibu kuelekea kwa seta, yule mpangaji. Anayeupiga kwa hasira huutoa nje, na sevu ikiwa kali zaidi, ndivyo anavyoutupa mbali zaidi.

Tena sheria ya mchezo ina neema ndani yake. Timu inaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla ya kuurudisha. Mguso wa kwanza ni wa kutuliza, wa pili ni wa kupanga, wa tatu ndio jibu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yupo pia libero, yule mwenye jezi ya rangi tofauti, ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa. Haruhusiwi kushambulia mpira ulio juu ya wavu. Agripina Kundu ameifanya kazi hiyo kwenye timu yetu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers. Walipokwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 walishindwa mechi zote tano, kila moja seti 3-0. Lakini mwaka 2023, kule Yaoundé, walitwaa ubingwa wa Afrika.

Wamarekani wana mchezo wao wa pikoboli, uliobuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, wa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu. Huko sevu lazima idunde kabla ya kurudishwa, na jibu lake nalo lazima lidunde upande wa pili kabla ya aliyeanzisha kuligusa. Naipenda sheria hiyo. Hata mwenye nguvu analazimishwa kungoja.

Sasa niseme lililo moyoni.

Mwezi Oktoba 2021, kule Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Si mbali na sisi. Katika milima hii yetu sioni sevu kali kuliko tuhuma hiyo. Huja usiku, huja na mtoto anayeumwa au kijana aliyekufa ghafla, na mara nyingi huja na jina la mjane ambaye shamba lake linapakana na la mtu anayelitaka. Anayeipokea anatetemeka, ana uchungu wa kweli, na uchungu wake siudharau. Lakini umati hauna mguso wa pili. Umati hupiga mara moja, na mama wa watu hawezi kufufuka asubuhi ukweli ukijulikana.

Babu zetu Abagusii walikuwa na etureti. Wazee waliketi, pande zote zikasikilizwa, ndipo neno likatolewa. Leo tuna mzee wa kijiji, tuna chifu, tuna mahakama, tuna kanisa. Mguso wa pili upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuutuliza mpira ufike huko.

Na mara nyingine hakuna hata anayeupiga vibaya. Sevu hulenga katikati ya wapokeaji wawili, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake, mpira ukadondoka chini wote wakiutazama. Ndiyo maana wachezaji hufundishwa kupaza sauti: "Wangu!" Ni wangapi kati yetu tumesikia jina la mama fulani likinong'onwa kisimani, kwenye boda boda, hata baada ya ibada, tukasema moyoni kwamba shemasi atalishughulikia? Shemasi naye anasema mchungaji. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko hata ukali wa wenye hasira.

Sitawadanganya kwamba anayepokea vizuri hushinda kila mara. Swali la Yesu halikumfungua kamba. Anasi alimpeleka kwa kuhani mkuu Kayafa akiwa bado amefungwa. Lakini aliyempiga alibaki na swali ambalo Yohana hatuonyeshi akilijibu. Kudai ushahidi mbele ya watu waliokasirika si woga. Kunahitaji magoti yaliyopigwa mapema, kabla mpira haujavuka wavu, kwa sala na kwa kumjua jirani.

Kwa hiyo wiki hii mtembelee mama mzee anayeishi peke yake karibu na kwako. Kaa naye, kunywa chai yake, watoto wako wamwone mkicheka pamoja. Ukisikia jina lake likitajwa vibaya, sema "Wangu!", uliza ushahidi uko wapi, kisha lipeleke neno hilo kwa mzee wa kijiji au kwa chifu kabla giza halijaingia. Na kama watu wameshaanza kukusanyika, usingoje shemasi wala mchungaji: piga simu polisi, 999 au 112, mara moja.