Lipu Iliyoanguka

Je, mtu asiyeijua kazi ana haki ya kumhukumu anayeijua? Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata chini ya ukuta wa nyumba yangu mwenyewe, mchanga umenijaa kichwani na saruji imenigandia vidoleni, mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya kustaafu ualimu.

Nyumba yenyewe niliirithi kwa marehemu baba, nayo iko Pangani, si mbali na mto. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya namna ile waliyoijenga wazee wa pwani: kuta zina unene wa dhiraa nzima, dari ni ya boriti za mikoko, na vyumba ni vyembamba na virefu, kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki upana wa mita tatu hivi. Mgeni huona vyumba hivyo vimebana akadhani mjenzi alikosa akili. Mjenzi hakukosa akili. Aliupima mti wake kwanza, ndipo akapima chumba.

Mimi nilifundisha kwa miaka 36. Katika niliyoyafundisha ilikuwamo ile Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967, na naweza kusema bila kujisifu kwamba niliieleza vizuri. Niliwaambia vijana kwamba kichwa na mkono visitenganishwe. Wao walilima shamba la shule. Mimi nilisimama kivulini na daftari la mahudhurio. Mwiko wa mwashi sikupata kuushika hata siku moja.

Mwaka 2011 nilipata akiba kidogo, nikamwita fundi apige lipu upya kuta za nje na za ukumbini. Jina lake silitaji. Alikuwa mtu mzima, si msemaji sana. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akasikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, ukuta huu wa mawe unataka chokaa. Saruji haitakaa." Nilicheka. Nilimwambia kwamba chokaa ni mambo ya zamani, na kwamba mimi nataka nyumba ya kisasa. Akajibu, "Haya, mwalimu, nyumba ni yako." Nilinunua mifuko 12 ya saruji. Yeye na saidia fundi wake wakafanya kazi siku tisa, na kazi ilipokwisha nyumba ilimeta kama yai lililomenywa. Majirani walikuja kunipongeza mimi. Sikumbuki kama kuna aliyempongeza yeye.

Masika ya mwaka 2012 yalipofika, lipu ilianza kuvimba. Unga mweupe ulitokeza chini ya ukuta, mfano wa chumvi, na lipu ikawa inabanduka vipande vipana kama sinia. Nilimtumia mtu aende kumwita fundi. Alipofika nilikuwa nimekaa barazani na majirani wanne au watano, na mbele yao nilimwambia hivi: "Nilinunua mifuko 12. Ukutani humu haimo hata sita. Iliyobaki umeuza." Tulipatana shilingi 210,000, na 70,000 zilikuwa bado mkononi mwangu, nikamwambia hizo asizitarajie. Yeye aliutazama ukuta, mimi hakunitazama. Alisema, "Nilikwambia, mwalimu," akachukua mfuko wake wa zana, akaondoka.

Nililala usingizi mzuri usiku ule. Naliandika jambo hili kwa sababu ndilo linalonisumbua kuliko yote: kwamba dhuluma yangu haikuninyima usingizi hata kidogo.

Miaka saba ikapita. Nilipostaafu, fedha niliyotenga kwa ajili ya nyumba ilikuwa ndogo, na muda niliokuwa nao ulikuwa mwingi. Nikaazimia kuifanya kazi mwenyewe. Nilinunua karai, timazi, pima maji, ubao wa kusawazishia na mwiko. Msomaji anajua kwamba neno hili katika lugha yetu lina maana ya chombo cha kupikia, chombo cha mwashi, na jambo lililokatazwa. Mke wangu aliponiona nimeushika alisema kwamba kwangu mimi ungebaki katika maana ya tatu.

Siku ya kwanza nilichanganya saruji na mchanga, nikachota kwa mwiko, nikautupia ukuta. Uji wote ulishuka miguuni. Nikatupa tena, ukashuka tena. Nilikuwa nimewatazama mafundi mara nyingi, na kwa macho kazi ile ni nyepesi: mkono unakwenda, lipu inakaa. Lakini jicho huona mkono ukienda. Halioni kiganja kinavyogeuka mwishoni, wala halijui kwamba ukuta ulimwagiwa maji kwanza ili usiinyonye lipu ikafa kabla ya kushika. Ukuta mmoja wa mita nne ulinichukua siku sita. Mgongo uliuma, ngozi ya vidole ilichunika kwa ukali wa saruji. Na ukuta ulipokwisha nikauacha juani "ukauke", kama mtu aanikaye kanga. Siku ya tatu ulikuwa na nyufa mfano wa ramani ya mito. Kijana mmoja saidia fundi, aliyekuwa akipita, akasimama, akasema kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Saruji haikauki, saruji inashika. Inataka maji juma zima." Nilikuwa sijui. Mtu wa umri wangu, mwenye cheti ukutani, nilikuwa sijui kwamba saruji hugeuka jiwe kwa kuyanywa maji na si kwa kuyapoteza, na kwamba nguvu yake hukomaa polepole, hata waashi na wahandisi huipima baada ya siku 28.

Nikabomoa, nikaanza upya. Safari hii nilimwagilia asubuhi na jioni, na nilizidisha saruji, karai moja kwa makarai matatu ya mchanga, lipu iwe ngumu kabisa. Mifuko niliifungua mwenyewe, nikaihesabu mwenyewe. Lipu ilikaa imara. Nikajisifu.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa kali kote Afrika Mashariki. Ilipofika Desemba, chini ya ukuta wangu ulitokeza unga mweupe. Kisha lipu ikavimba, ikabanduka, vipande vipana kama sinia.

Nilikaa kitako pale pale chini. Hapakuwa na mtu wa kumwita barazani.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye, nayo si ngumu. Jiwe la matumbawe lina matundu na limezaliwa baharini. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na ndani yake mna chumvi. Lipu ya chokaa ni laini nayo ina matundu, kwa hiyo huuachia unyevu utoke, ukuta ukapumua. Lipu ya saruji huuziba. Unyevu ukikosa njia hukaa nyuma ya lipu, chumvi huganda huko na kuisukuma mpaka itoke. Kwa hiyo kadiri unavyozidisha saruji ndivyo unavyozidisha balaa. Kuta za Kilwa Kisiwani zimesimama kwa karne nyingi kwa matumbawe na chokaa, na saruji tunayoijua leo ilipata hati yake Uingereza mwaka 1824 tu. Mambo ya zamani, nilimwambia fundi, naye alikuwa ameugonga ukuta mara tatu nne akaujua wote.

Sasa nirudi kwenye swali. Huenda msomaji akasema: mtu hahitaji kujua kuoka ili ajue kwamba mkate ni mchungu. Ni kweli. Nami sikukosea niliposema kwamba lipu imeanguka. Hata mtoto aliiona. Kosa langu lilianzia pale nilipotoka katika kuona kilichotokea nikaingia katika kusema kwa nini kimetokea. Mlaji anaweza kusema mkate ni mchungu. Akisema mwokaji ametia sumu, ameingia katika nchi asiyoijua, na hatia ya mtu hukaa huko, kwenye sababu. Mimi niliivuka mipaka hiyo kwa urahisi kwa kuwa nilikuwa na fedha mkononi, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Kama ningekuwa sijui sababu nikanyamaza, ningebaki mjinga tu. Ujinga wangu ulikuwa na sauti, na sauti hiyo ilisikilizwa.

Tena sisi tuna mazoea mabaya juu ya mafundi. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tukalifanya neno hili kuwa sababu ya kutomsifu mtu yeyote atumiaye mikono. Bei yake tunaipunguza kabla hajamaliza kuitaja. Tunamshuku kabla hajaanza. Mafundi wezi wapo, sikatai, nami nimepata kuibiwa misumari na mbao. Lakini shuku yangu kwa yule haikutokana na wizi wa mwingine. Ilitokana na haja ya kutokuwa mimi mwenye kosa.

Kwa sababu hiyo siwezi kumwunga mkono yule anayesema kwamba kila mtu ajifunze kazi ya mikono ndipo aweze kuwaheshimu wafanyao kazi hizo. Nami nilitaka kusema hivyo. Ingenifaa, maana ingeifanya mifuko niliyoiharibu kuwa ada ya shule. Lakini si kweli kwamba nilihitaji kujifunza lipu ili nimtendee haki yule mtu. Aliniambia. Aliniambia kwa Kiswahili chepesi, nyumbani kwangu, kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa. Nilichokataa kukipokea kwa masikio ilibidi nikipokee kwa mgongo.

Kuna jirani aliyenilaumu kwa upande mwingine: kwamba mtu mwenye pensheni akijipigia lipu anawanyima vijana riziki. Nililipima neno lake. Nadhani lina ukweli kwa tajiri, si kwa mimi. Na tangu siku ile kazi ya juu ya ngazi nampa yule kijana wa saidia fundi, kwa sababu ya riziki yake na pia kwa sababu ya magoti yangu.

Mwaka 2020 nilimtafuta fundi wangu. Niliambiwa alihamia Bweni, ng'ambo ya mto. Nilivuka kwa kivuko, nikamkuta nje ya nyumba yake akisuka kamba, amezeeka kuliko umri wake. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza yote, hata habari ya makarai matatu. Hapo kwenye makarai matatu alitabasamu kidogo. Nilimpa shilingi 150,000, kwani elfu 70 za mwaka 2012 hazikuwa tena elfu 70. Alizipokea bila kuzihesabu. Nikamwomba radhi.

Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hela ni hela. Lakini baada ya maneno yale, mtaa wenu sikupata kazi tena."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipa deni moja nikidhani ndilo pekee.

Niliporudi nilianza kuwapitia wale waliokuwapo barazani siku ile. Wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Mmoja hakulikumbuka jina la fundi, ila alikumbuka kwamba alikuwa "yule mwizi wa saruji". Mwingine alinisikiliza hadi mwisho, akanipiga begani, akasema, "Aa, mwalimu, hayo ni ya zamani, yaache." Naye aliyasema kwa wema. Lakini neno nililolitoa mimi lilikwenda kwa watu nisiowajua, na sina orodha ya kuwapitia.

Fundi alikuja mara moja kuutazama ukuta, nami kwa sasa naubandua upande wa nyuma kwa patasi, pole pole, nisiyavunje mawe. Chokaa nimekwisha kuiloweka pipani. Alisema niiache ilale miezi mitatu kabla ya kuigusa. Safari hii sikumwuliza kwa nini mpaka nilipokuwa nimekwisha kuitia maji.