HAKI YA MKE ALIYEPASULIWA UBONGO

Mas'ala yanayoelezwa katika kurasa hizi ni mas'ala ya nyumbani, wala si ya sokoni. Mtu ana mke. Mke akapatikana na uvimbe ndani ya ubongo, akapasuliwa kichwa, uvimbe ukatolewa, akarudi kwake yu hai. Watu wakaja kumpa mkono mumewe na kumwambia alhamdulillahi. Walakini baada ya mwezi au miwili yule mume akaona ya kuwa aliyerudi si yule aliyekwenda. Uso ni ule ule, sauti ni ile ile, na watoto wake anawajua kwa majina yao. Bali tabia imegeuka. Aliyekuwa mpole amekuwa mwepesi wa hasira, na aliyekuwa akiendesha nyumba nzima bila ya kuambiwa sasa hukaa kitandani hata adhuhuri akitazama ukuta. Majirani waliokuja kwa pongezi wamekwisha rudi makwao, na mume amebaki peke yake na swali ambalo huona haya kumuuliza mtu: Je, huyu ndiye mwanamke niliyemuoa? Na kama siye, ni nini kinachonilazimu juu yake?

Kabla ya kujibu hapana budi kuijua asili ya jambo lenyewe, kwani mtu asiyejua sababu ya kitu hukihukumu kwa dhana. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama ratili 3, na kila upande wake una kazi yake. Upande wa kushoto ndio unaoamrisha mkono na mguu wa kulia, na wa kulia huamrisha wa kushoto. Na kwa watu walio wengi maneno yote hutoka upande wa kushoto. Ile sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya kipaji, ndiyo inayopanga mambo, na kuizuia hasira, na kumtia mtu shauku ya kulianza jambo na kulimaliza. Uvimbe ukikaa hapo, au kisu cha tabibu kikipita hapo, huenda mtu akasalimika katika kuona na kusema na kutembea, kisha akapungukiwa na vitu ambavyo macho ya watu hayavioni. Haya si jini, wala si pepo aliyepanda kichwani, wala si kijicho cha mtu. Mume anayemtoa mkewe hospitalini akampeleka kwa mganga kupungwa, akachinja mbuzi na kulipa ada, amepoteza mali yake na amemtesa mgonjwa kwa ngoma na moshi wakati anapohitajia usingizi na utulivu. Tena amejiingiza katika mambo ambayo dini imeyakataza.

Iko khabari moja ambayo yafaa ijulikane, ya tabibu mashuhuri wa kupasua ubongo, jina lake Wilder Penfield, mzaliwa wa Marekani aliyefanya kazi yake katika mji wa Montreal, nchi ya Kanada. Mwaka wa 1928 alimpasua dada yake mwenyewe, mwanamke mwenye mume na watoto, aliyekuwa na uvimbe katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia. Alitoa sehemu kubwa sana, na bado hakuweza kuumaliza uvimbe wote. Dada yake alipona jeraha akarudi kwa watu wake. Ulipopita mwaka na miezi, ndugu yake akaenda kumzuru, naye akaazimu kumpikia chakula cha jioni, yeye na watu 4 wa nyumbani. Siku nzima ilikuwa yake kwa matayarisho, naye alikuwa na furaha kubwa. Wakati wa kula ulipofika alikutwa jikoni, vyakula vyote vimo, kimoja viwili viko motoni, lakini nyama haijaanza kupikwa, na mwenyewe amechoka, amefadhaika, hajui la kutangulia ni lipi na la kufuatia ni lipi. Alipopata mtu wa kumsaidia kupanga, chakula kikawa tayari upesi. Khabari hii aliiandika tabibu yule pamoja na mwenzake mwaka wa 1935 ili wajue wengine, na dada yake alikuwa amekwisha kufa, kwani uvimbe ulirudi.

Msomaji na aizingatie khabari hii kidogo. Yule mwanamke hakusahau kupika. Mikono yake ilijua na ulimi wake ulijua. Hakuwa mvivu, kwani alishughulika mchana kutwa. Wala hakuwa na moyo mbaya, kwani alitaka kumkirimu nduguye. Kilichokosekana ni ule uzi wa kuyashika mambo yafuatane. Na mwanamume aliyerudi nyumbani magharibi akakuta moto umezimika na wali ni mchele, hawezi kuuona uzi huo. Anachokiona ni wali. Basi hupandisha sauti, na mke hulia, na pengine hujibu kwa maneno ambayo hakuyatamka tangu alipoolewa. Hapo ndipo neno la talaka linapokuja ulimini.

Sharia inasema nini? Yafaa isemwe wazi, wala kisifichwe kitu, kwani katika watu wako wanaoitia dini maneno ya upole ambayo haikuyasema, na wako wanaoiondolea upole iliokuwa nao. Talaka imo mkononi mwa mume, na akiitamka hali ana akili zake hupita. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamehesabu wazimu katika aibu zinazompa mmoja wa wawili khiari ya kutaka nikahi ivunjwe mbele ya kadhi. Lakini usahaulifu na uzito wa kufikiri na wepesi wa hasira si wazimu, na mwenye kuviita wazimu apate njia ya kutokea anamdhulumu mtu. Tena wanavyuoni hao hao wamesema ya kuwa kumwacha mke asiye na kosa, pasipo haja, ni makuruhu. Na akitaka mume kuoa mke wa pili, hakatazwi. Ila wengi hudhani ya kuwa kwa kuoa huko mgonjwa amekwisha wekwa kando, apelekewe chakula na mtumishi. Sivyo. Zamu ya usiku ni haki ya mgonjwa kama ilivyo haki ya mzima, hata akiwa hawezi kitu, hata akiwa na upungufu wa akili maadamu hachelewi kudhuru. Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho hakukaa kwa bibi Aisha ila baada ya kuwaomba ruhusa wakeze wengine. Ikiwa yeye katika hali ile alichunga zamu, ni udhuru gani alio nao mtu mzima mwenye nguvu za kwenda sokoni?

Na liko jambo jingine lililo gumu zaidi, nalo ni gharama. Vitabu vya fiqhi vya zamani vimesema ya kuwa chakula na mavazi na makazi ya mke humlazimu mume, hata mke akiwa mgonjwa. Ama dawa na ujira wa tabibu havimlazimu. Baadhi ya wanavyuoni walipiga mfano wa nyumba iliyokodishwa: mpangaji hulipa kodi, lakini ukuta ukianguka si juu yake kuujenga. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamelirudia jambo hili wakasema ya kuwa matibabu leo ni katika haja za lazima mfano wa chakula, na zamani haikuwa hivyo, kwani dawa ilikuwa ni majani na kuumikwa, na mtu aliweza kuishi umri wake asimwone tabibu. Kauli hii ndiyo iliyo karibu na haki. Walakini na tuseme mtu ameshika kauli ya kwanza, na hana kosa mbele ya kadhi. Bado ataulizwa: Je, yeye kwa nafsi yake alimuoa mwanamke yule kama mtu anavyokodi nyumba? Alipokuwa na homa, ni nani aliyemkandia maji usiku? Alipofilisika, ni nani aliyeuza bangili zake? Mwanamke yule naye hakulazimishwa na kadhi kuuza bangili. Kama kila mmoja angesimama kwenye mpaka wa lililomlazimu, pasingekuwa na nyumba hata moja mwambao wote yenye kudumu miaka 10.

Wako waume wanaoona ya kuwa kumuuguza mke ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana akimshika mkewe mkono njiani, au akimchania nywele kwa kuwa mkono wake umelegea, watu humcheka barazani. Hao na waikumbuke khabari ya Seyyidna Uthman bin Affan. Katika mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badri, mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume akamwamuru abaki Madina amuuguze, akamhesabia thawabu na fungu la ngawira sawasawa na waliohudhuria vita. Ruqayya akafa, na khabari ya ushindi ilifika Madina wakati wa maziko yake. Baada ya miaka mingi akatokea mtu akalitaja jambo lile kwa kumtia Uthman aibu kwamba hakuwapo Badri, na Ibn Umar akamjibu kwa kumweleza sababu. Basi maneno ya barazani si mapya. Bali itazamwe hii: siku ile ambayo Uislamu wote ulikuwa juu ya watu mia tatu na zaidi kidogo, na kila upanga ulihitajiwa, mwanamume mmoja aliambiwa kazi yake iko kitandani pa mkewe.

Na mwanamume asomaye haya asijidhanie kuwa yeye ndiye atakayekuwa mzima siku zote. Uvimbe wa ubongo hauchagui. Pengine yeye ndiye atakayepasuliwa, na mkewe ndiye atakayekuwa akihesabu vidonge na kulala jicho moja wazi kwa kuogopa kifafa, kwani kifafa huwapata wengi wenye maradhi haya, kabla ya kupasuliwa na baada yake. Hapo itakuwaje hasira zake? Nabii Ayubu (A.S.), kama walivyoeleza wafasiri, katika ugonjwa wake alimkasirikia mkewe, naye ndiye mtu aliyebaki naye watu wote walipomkimbia, akaapa ya kuwa akipona atampiga mapigo 100. Wafasiri wamekhitalifiana katika sababu ya hasira hiyo. Alipopona, kiapo kilikuwapo juu yake, na mwanamke hakuwa na kosa la kustahili hata pigo moja. Mwenyezi Mungu akamtolea njia, kama ilivyo katika Sura ya Sad: ashike kitita cha vijiti vyembamba apige mara moja, kiapo kitimie, na mwanamke asiumie. Katika kisa hiki pana faida ambayo mara nyingi hupitwa. Mgonjwa hakuhukumiwa kuwa mwovu kwa sababu ya neno alilolisema katika shida yake, na mwuguzaji hakuachwa alipie neno hilo kwa mwili wake. Pande zote mbili zilichungwa. Nyumba iliyo na mgonjwa wa ubongo ina haja ya hukumu ya namna hii kila siku: neno la hasira la mgonjwa lichukuliwe kama kitita cha majani, na yule anayemhudumia asiambiwe ya kuwa kwa kuwa mwenzake ni mgonjwa basi yeye hana haki ya kuchoka. Naye apumzishwe, aje dada, aje mama mkwe, akae na mgonjwa alasiri moja, na mwuguzaji atoke akapunge upepo pwani.

Ama upole nao una hatari yake. Wako waume wema ambao kwa kumhurumia mke humwondolea kila kazi: asishike kisu, asiguse moto, asiulizwe shauri la posa ya binti yake. Huyo humweka mkewe kama kiti cha ukumbini, kinapanguswa vumbi na hakisemezwi. Yule dada wa Penfield hakuhitaji mtu wa kumtoa jikoni. Alihitaji mtu wa kusimama kando yake na kumwambia, sasa nyama, sasa mchuzi. Mume aweza kumwandikia mkewe ubaoni mambo ya siku kwa utaratibu wake, akamwachia ayafanye kwa mikono yake, akastahimili yakichelewa. Na apewe muda, kwani kupona huku huenda kwa miezi, na kwa wengine kwa miaka, na uchovu wake si uchovu wa kazi hata uondoke kwa usingizi wa usiku mmoja. Na kama tabibu amesema ya kuwa uvimbe ni wa namna ya kurudi, basi siku hizo za mchuzi uliochelewa ndizo siku zenyewe, hakuna nyingine zinazongojewa.

Limebaki jambo la sala, nalo huwahuzunisha wanawake wengi kuliko jikoni. Husimama kusali adhuhuri asijue amesali rakaa mbili au tatu, akarudia, akarudia tena, hata akakaa juu ya msala akilia na kuona ya kuwa Mola wake amemkataa. Mume asiyefanya ila kumwambia arudie hajamsaidia kitu. Lakini akimwambia, simama nyuma yangu, akawa yeye ndiye imamu, mke hufuata tu: akirukuu hurukuu, akisujudu husujudu, na hesabu ya rakaa i juu ya imamu. Na katika madhehebu ya Shafi, maamuma akisahau jambo kama tahiyatu ya kwanza, imamu humchukulia usahaulifu wake, wala hana sijida ya kusahau juu yake. Hili halina gharama, wala halihitaji tabibu, na jamaa ya watu wawili ni jamaa. Mwanamume aliyezoea kusali isha msikitini huenda akaona uzito kuiacha safu yake ya mbele. Na asali huko zile sala nyingine, na isha aje aisali chumbani, mke wake nyuma yake, na sauti yake aipandishe kidogo ili apate kumfuata.