Usiseme tu "ndiyo mila yetu"



Vijana wenzangu, Jumapili moja baada ya Misa hapa Isongole kijana mmoja alinifuata nje ya kanisa. Anaishi na mwenzake mwaka wa sita sasa, wana watoto wawili. Wakati wa Komunyo ukifika watu wanasogea mbele, wao wanabaki kwenye benchi na watoto wao. Nikamuuliza, ndugu yangu, kwa nini hamfungi ndoa? Akanijibu kwa sauti ya chini: "Kaka, mahari haijaisha. Wamebaki ng'ombe wawili. Baba mkwe kasema hakuna kwenda kanisani mpaka nimalize. Ndiyo mila yetu."

Mjini wanaita uchumba sugu. Huku tunasema tu "wanakaa pamoja", na tunazoea.

Lakini lile neno lake la mwisho lilinikaa kichwani. Mila. Tuna maneno mengi ya namna hiyo, mila, desturi, jadi, mazoea, mapokeo, na yote tunayatupia kapu moja. Mtu akishasema "ndiyo mila", mazungumzo yameisha. Mimi naona tusikubali yaishe haraka hivyo.

Chukua desturi. Ni jambo ambalo watu hulifanya siku zote, basi. Yesu mwenyewe alikuwa nayo: Luka, sura ya 4, anatuambia kwamba kwenda sinagogi siku ya Sabato ilikuwa desturi yake. Kwa hiyo wewe unayesema Misa ya kila Jumapili ni mazoea tu, taratibu kidogo. Jadi ni neno lenye asili ya Kiarabu, linatokana na babu, yaani yale yaliyotoka kwa mababu. Mila nalo asili yake ni Kiarabu, na huko lilibeba uzito wa dini yenyewe na umma wa waumini. Ndiyo maana likitamkwa watu wananyamaza. Mazoea hayana uzito wowote. Hata kosa likirudiwa mara kumi linakuwa mazoea.

Halafu kuna mapokeo, neno letu la Kibantu kabisa, kutoka kupokea. Hili Kanisa limelishika kwa mikono miwili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, unafundisha kwamba Mapokeo Matakatifu na Maandiko Matakatifu yanatoka katika chemchemi moja ya Mungu. Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya Ekaristi, sura ya 11, anaanza kwa kusema kwamba anawapa kile alichokipokea kwa Bwana. Anapokea, anakabidhi. Imani ilifika mpaka huku kwetu kwa njia hiyohiyo, mkono kwa mkono.

Sasa Maandiko hayohayo yana upande wa pili. Katika Marko sura ya 7 Yesu anawakemea Mafarisayo kwa sababu wameshika mapokeo ya wanadamu wakaiacha amri ya Mungu. Vijana tunaipenda sana sura hii, tunaitumia kama fimbo ya kuwachapia wazee. Isome yote. Mfano anaoutoa Yesu ni wa mtu anayetangaza mali yake kuwa korbani, sadaka kwa Mungu, ili asiwasaidie baba na mama yake. Yaani pale Yesu anawatetea wazazi! Mila aliyoikemea ni ile iliyompa mtoto njia ya kukwepa wajibu.

Basi turudi kwenye mahari. Kanisa halikatazi mahari. Papa Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba Waafrika wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Mahari ikiwa shukrani kwa waliomlea binti na daraja kati ya koo mbili, ni kitu kizuri, na kinaweza kuletwa mbele ya altare bila aibu. Lakini mahari si sharti la sakramenti. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, haiifanyi ndoa kuwa batili eti kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Kinachofanya ndoa ni hiari ya wawili, mbele ya mhudumu wa Kanisa na mashahidi. Ng'ombe wawili wasiolipwa hawawezi kumfungia mtu Ekaristi miaka sita.

Na hiyo "mila yetu", ya nani hasa? Hapa mpakani tuna Walambya, Wandali, Wamalila, Wanyiha, na ndugu zetu wengine wako ng'ambo, Malawi. Tangu lami ya Mpemba ifike, wakwe wanatoka kila mkoa. Kila ukoo una hesabu yake, na siku hizi ng'ombe wengi wanatajwa lakini wanalipwa kwa noti au kwa simu. Mila inabadilika na wazee wenyewe wanaibadilisha. Kinachoweza kubadilishwa kwa ajili ya pesa kinaweza pia kubadilishwa kwa ajili ya Komunyo.

Nilikwenda kwa yule baba mkwe pamoja na mshenga, nikiwa na hoja zangu zote hizi mfukoni. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Tukapewa viti. Nikaanza kueleza habari za sakramenti. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwanangu, hao ng'ombe mimi nawataka, sikudanganyi. Lakini huyo kijana tangu mtoto wa pili azaliwe hajakanyaga hapa. Hata salamu. Nikimruhusu aende kanisani, nitamwona tena lini?"

Nilikosa la kusema. Kijana alikuwa amenieleza deni la ng'ombe, hakunieleza deni la salamu. Nilipomuuliza akainamisha kichwa: alikuwa anaona aibu kwenda mikono mitupu, mwezi ukapita, na mwingine, ikawa miaka. Ikawa mazoea, na juu yake akaandika "mila".

Mzee hakukataa moja kwa moja. Alisema aje mwenyewe, akae, waongee juu ya wale ng'ombe, na paroko akitaka aje pia. Alhamisi hii kijana anakwenda, na mwenzake, na watoto wote wawili. Naomba mwaweke katika sala ya jumuiya zenu wiki hii.