Mwamba Mbichi

Mwenye hoteli mmoja wa Nakuru aliniagiza picha ya maporomoko ya Nyahururu, futi nne kwa tatu, kwa rangi za mafuta, iwe ukutani kabla ya Krismasi. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Nilikubali papo hapo, na hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Pale Nyahururu mto Ewaso Narok huanguka mita 74 mbele ya mwamba uliokolea weusi, na weusi huo ndio unaoyang'arisha maji. Basi nikaanza na mwamba. Nilichukua nyeusi ya mfupa, nikaimiminia mafuta ya kitani kwa wingi ili imetemete kama jiwe lililolowa. Ikapendeza kweli. Siku ya nne niliigusa, kidole kikatoka safi, nikasema imekauka. Juu yake nikashusha maji kwa nyeupe niliyoizimua kwa tapentaini, na povu nikalipandisha kwa kisu.

Watu waliisifu. Agosti, simu ikalia: “Fundi, njoo uyaone maji yako.”

Nyufa zilikuwa zimeyakata maji kwa ulalo, nyingine pana kiasi cha kupitisha ukucha, na ndani yake weusi ukichungulia. Nilibonyeza. Ukucha ukazama. Miezi minane, na mwamba bado mbichi!

Mzee aliyenifunza kazi hii alikuwa akiniambia kila siku, “Mwanangu, chini konda, juu nono.” Niliyasikia kama mazoea ya wazee, kumbe ndiyo siri yenyewe. Rangi ya maji hukauka maji yakishatoka. Mafuta ya kitani hayatoki. Huvuta oksijeni ya hewani yakawa ngozi ngumu, na rangi huongezeka uzito katika kukauka kwake. Ngozi hiyo huanzia juu. Nyeusi ya mfupa nayo hunywa mafuta mengi na ni nzito mno kukauka, sembuse katika baridi ya nyanda zetu za juu. Nyeupe yangu konda ilikakamaa upesi, huku nyeusi iliyo chini ikiendelea kujivuta, mpaka ikaipasua. Mmarekani Albert Pinkham Ryder, aliyefariki mwaka 1917, alipaka tabaka juu ya tabaka mbichi maisha yake yote, na picha zake nyingi leo zimejaa nyufa na giza.

Nilirudisha pesa yote nikaomba nianze upya, bila tarehe.

Safari hii mwamba nimeujenga kwa kahawia ya udongo, ile yenye manganisi, ambayo hukauka haraka. Nimeizimua iwe nyepesi, mafuta nayaongeza kidogokidogo kila tabaka. Nimekwenda pia kukaa kuyatazama maji asubuhi nzima, jambo ambalo mara ya kwanza sikulifanya. Mengi si meupe hata kidogo. Kivulini ni kijivu chenye buluu, na yanapokuwa membamba, jiwe huonekana nyuma yake kama uso nyuma ya ushungi. Nyeupe tupu ni ya pale jua linapopiga tu, na itakuja mwisho.

Turubai sasa limetazama dirisha, mwamba mtupu, bila tone la maji. Jana mwenye hoteli alipita kuuliza. Nikabonyeza ukucha kwenye kona yenye rangi nene, ukaacha alama, naye akaiona.

“Bado, mzee,” nikamwambia.