Dinari Mbili za Msamaria

Somo: Luka 10:30-37



Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, Oktoba 1, 2024, maombi ya bili za hospitali hayakauki madhabahuni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mama mboga wa Kayole na fundi wa jua kali wao hupimwa uwezo, kisha hutakiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 3,600. NHIF walilipa 500 mwezi kwa mwezi. Kwa mwaka 3,600 ni nafuu, lakini anayekula jasho la leo atazitoa wapi siku moja?

Wengine husema, "Bima yangu ni damu ya Yesu." Amina! Lakini mtazame Msamaria. Alifunga majeraha kwa mafuta na divai, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Kesho yake akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na akaahidi kulipa itakayozidi. Pesa ilitangulia bili! Kulipa mapema si kukosa imani. Ni upendo uliojipanga.

Tena, majeruhi hakuulizwa ana ngapi mfukoni. Wanyang'anyi walikuwa wamemmaliza. Aliyekuwa nazo ndiye aliyelipa.

Basi wiki hii kila ushirika wa nyumbani uulize: nani hajajisajili? Kujisajili ni bure, kwa *147#, na mpango wenyewe unasema serikali ndiyo hugharamia matibabu ya zahanati na vituo vya afya. Vijana, wasaidieni wazee na simu. Kisha tuweke akiba: shilingi 10 kwa siku ni 3,650 kwa mwaka. Aliyepangiwa zaidi, au asiye na hata hiyo kumi, tumbebe. Tusingoje harambee ya kutoa maiti mochari.

Na serikali je? Tuiombee, na tuiambie ukweli. Kuhani na Mlawi walikuwa na vyeo, wakapita kando. Mgonjwa aliyelipa akirudishwa mlangoni, tumwendee mbunge wetu kwa heshima, bila woga. Kunyamaza pia ni kupita kando.

Tuombe: Bwana, ponya wagonjwa wetu, na utupe mkono unaotoa kabla ya kilio. Katika jina la Yesu, amina.